Ndama Aliyevaa Koti la Nyanda

Redio ya Mama Speshi, muuza kahawa wa kijiwe chetu hapa Makanyagio, ilisema wanyama wanatambuana kwa harufu. Felisiani, tunayemwita Spika maana lazima afunge yeye kila mjadala, akakunja uso.

"Fiksi hizo. Ng'ombe ana macho kama sahani, ahangaike kunusa?"

Kabla hatujamjibu, Nyanda, mfugaji mwenzetu wa kijiweni, akatokea na koti lake la kaki. Nyuma yake alikuwepo ng'ombe, hana kamba, anamlamba mgongo.

"Mzee baba, huyu vipi?" nikamuuliza.

"Anasema mimi ndio mwanawe." Nyanda akakaa. Ng'ombe akahamia kwenye kola. "Jana kazaa mvua inanyesha, nikamkausha ndama kwa koti hili. Leo Kija, mke wangu, kamwogesha ndama kwa sabuni ya marashi, eti ampige picha ya kuweka WhatsApp. Mama yake kamnusa, kampiga teke. Kaja kwangu."

"Hongera kwa kuzaliwa," Spika akasema.

Nyanda hakucheka. "Ndama hajanyonya toka asubuhi. Miguu inamtetemeka. Atakufa hivi hivi namuona."

Mama Speshi akatua birika. "Si uvue koti umvalishe ndama mwenyewe?"

"Ndani sina shati."

"Na nyie wanaume. Ndama anakufa, we unaficha kitambi."

Kija akapigiwa simu. Akaja na bodaboda, kampakata ndama ananukia kama bibi harusi. Nyanda akavua koti huku kajikunyata. Tukapitisha miguu ya mbele kwenye mikono, tukafunga vifungo vyote.

Ng'ombe akanusa koti. Akarudia. Akaguna kwa ndani ndani, akaanza kulamba, na ndama akaidaka chuchu. Nyanda akageukia ukutani, akajifuta macho kwa kiganja.

"Kaona koti," Spika akasema. "Rangi ile. Macho hayo, sio pua."

"Hata lako la kaki," Mama Speshi akamwambia. "Nenda na wewe ukalambwe."

Spika akanyanyuka na kikombe chake, akanyoosha koti, akamsogelea ng'ombe kwa heshima zote. Teke lilimkuta pajani. Kahawa yote ikaishia kifuani.

"Huyu macho yake mabovu," akasema, akikaa kwa upande mmoja.

Kija akatangulia na bodaboda akapike. Nyanda akaondoka kwa miguu, kifua wazi, anaswaga ng'ombe, na ndama yuko mbele na koti lake. Hata hawajafika kona, Selestine, jirani yao wa Kawajense, akapita na baiskeli.

"Nyanda, umeshindaje?" akamsalimia ndama.

"Salama, ndugu yangu," Nyanda akaitikia kutoka nyuma.

Selestine akashika breki. Akamkagua yule kifua wazi toka juu mpaka chini.

"Na wewe, ng'ombe wa Nyanda unampeleka wapi?"