Hatua Arobaini hadi kwenye Gari la Arlene

Jumamosi, 8 Machi

Jana jioni samaki kanisani, kama kila Ijumaa ya Kwaresima. Duane Kettelhut kamsindikiza Arlene hadi kwenye gari lake. Tena! Kiunoni ana kifaa cha shoti ya umeme cha kujilinda, cha manjano, ndani ya mkoba wa ngozi. Njia nzima kakiwekea mkono, utadhani kuna mnyama mkali nyuma ya gari la padri. Arlene akacheka kitu alichosema. Sikusikia ni kitu gani. Nimefanya kazi na Duane miaka thelathini na moja kwenye kiwanda cha karatasi na sijawahi kumsikia akisema kitu cha kuchekesha.

Arlene ni mjane. Anatengeneza saladi ya kabichi ya kanisa. Tangu nistaafu nauza nyungunyungu wa chambo bandani kwangu, na yeye ndiye mtu pekee anayeniuliza hali yao na kusubiri jibu. Niseme ukweli, daftari hili ni langu: nampenda. Huu mwaka wa tatu. Hajui. Nadhani hajui.

Nimeagiza kifaa cha shoti. Cheusi. Kikubwa kuliko cha Duane.

Jumatatu, 10 Machi

Kimefika! Nimekijaribu jikoni, hewani tu. Kinalia kama kitunguu kibichi kikiingia kwenye mafuta ya moto. Ilibidi nikae kidogo.

Baadaye nikakivaa, nikatoka kuchukua barua. Kwa bahati mbaya anapita Tammy Brzezicki, askari wa kaunti. Mimi ndiye baba yake wa ubatizo. Kasimamisha gari, kashusha kioo, kaniuliza, "Mzee Verlyn, hicho kiunoni ni nini?" Nikamwambia ni ulinzi. Akauliza leseni iko wapi. Nikamuuliza leseni gani.

Kanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mgonjwa kumeza dawa. Hapa Wisconsin, asiye na leseni anaruhusiwa kuwa nacho nyumbani kwake, kwenye ardhi yake au aliyoipanga, au mahali pake pa biashara. Akivuka hapo ni jinai, na jela ipo. Kisha kaangalia chini. Sanduku la barua liko ng'ambo ya mtaro, na mguu wangu wa kulia ulikuwa kwenye ardhi ya kaunti. Kaniomba niurudishe. Nikaurudisha pole pole.

Leseni inataka cheti cha mafunzo. Mafunzo yanatolewa Ijumaa jioni tu. Ijumaa jioni! Nani alipanga ratiba hiyo? Mtu wa huku akikosa samaki wa Ijumaa, majirani wanapiga simu kuuliza kama amekufa. Duane alipata cheti chake zamani, kwenye kozi ya wawindaji. Cha kwangu kilioza na mafuriko ya chini ya nyumba.

Jumanne, 11 Machi

Mbinu ya kwanza: mahali pa biashara. Nitauza nyungunyungu ukumbini kwa padri kila Ijumaa, kwenye meza ndogo karibu na mlango. Meza itakuwa mahali pangu pa biashara, kifaa kitakuwa halali, na Arlene ataniona.

Nilimpigia Arlene simu kumweleza habari ya meza, bila kutaja mengine. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Verlyn mpenzi, nyungunyungu na saladi yangu havikai chumba kimoja." Ameniita mpenzi! Ingawa anamwita hivyo hata mtu wa posta.

Meza imekufa.

Jumatano, 12 Machi

Usiku sikulala vizuri, lakini alfajiri nikaamka na neno moja kichwani. Tammy alisema ardhi yangu AU NILIYOIPANGA. Akili ni mali!

Nimekwenda kwa Padri Ambrose. Nikamkuta anatazama mpira wa kikapu kwenye televisheni, na huo ndio wakati mzuri wa kumkuta. Nikamwomba anipangishe kipande cha maegesho: upana hatua mbili, urefu hatua arobaini, kutoka mlango wa jikoni hadi pale Arlene anapoegesha. Anaegesha palepale tangu marehemu mumewe yuko hai. Hapa kila mtu ana mahali pake, na hakuna aliyewahi kupaandika popote. Kodi: nitazoa theluji kwenye ngazi za kanisa hadi Pasaka. Padri akauliza ya nini. Nikasema usalama wa kundi la Bwana. Akanikumbusha kwamba uhalifu wa mwisho hapa mjini ulikuwa kuibwa kwa sanamu ya Mtoto Yesu kwenye pango la Krismasi, na ilirudishwa baada ya siku mbili na barua ya kuomba radhi. Nikamwambia ndivyo mambo yanavyoanza.

Alitia sahihi wakati wa matangazo. Mwaka mzima!

Alhamisi, 13 Machi

Nimepima ardhi yangu. Nimeizungushia vibendera vyekundu, vile tunavyotumia kuvulia samaki kwenye barafu, kila hatua tano. Duane akapita na gari lake, akapunguza mwendo, akauliza kama samaki wanakula chambo. Nikamwambia acheke tu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema nikiinama kwa umri wangu sitainuka.

Nimempigia Tammy, nimemsomea mkataba wote. Kisha akasema yeye si mwanasheria, ila haoni cha kunikamatia, na kwamba angetamani sana kuniona nimesimama hapo. Nimechukulia ni ruhusa.

Ijumaa, 14 Machi

Ni vigumu kuandika haya. Nitaandika.

Samaki walikuwa wazuri. Saladi ilikuwa nzuri zaidi. Saa moja na nusu nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikavaa kifaa changu, nikasimama kwenye ardhi yangu halali. Nilijisikia vizuri. Mwezi ulikuwa umetoka.

Gari la Arlene halikuwepo.

Lilikuwa upande wa pili wa maegesho, karibu na lundo la theluji. Baadaye nimeambiwa aliona vibendera, akafikiri kuna msiba na nafasi imewekewa gari la jeneza. Mimi mwenyewe nimemhamisha!

Akatoka kwa mlango wa mbele na bakuli lake. Duane akatangulia kwenda kumwashia gari lake lipate joto. Arlene akatembea peke yake juu ya barafu. Hatua sita tu kutoka mwisho wa ardhi yangu, akateleza. Bakuli likaenda huku, yeye huku. Akakaa chini, akashika kifundo cha mkono, akaniona. Akasema, "Verlyn, nisaidie."

Nilikuwa na kifaa kiunoni. Tammy alikuwa amesimama mlangoni anakula kipande cha samaki, sare yote mwilini. Hatua sita ni jinai. Kukivua kunahitaji kufungua mkanda, na mkanda ndio unaoshika suruali.

Nikamwambia Arlene ajivute kidogo. Ajivute hatua sita, aingie kwenye ardhi yangu, nimwinue.

Sasa nikiyaandika naona hayasikiki vizuri.

Arlene alinitazama. Tammy akaweka samaki wake juu ya ukuta, akaenda, akamwinua. Alipopita karibu yangu akasema kwamba ningeweza kukitupa kile kitu kwenye theluji. Ni kweli. Sikufikiri hivyo. Nimeona aibu kubwa sana.

Jumamosi, 15 Machi

Arlene amekuja! Mkono umefungwa bandeji, haukuvunjika. Nikamkaribisha bandani. Akakaa kwenye ndoo, akauliza nyungunyungu wanaendeleaje. Nikasema wazima. Akasubiri. Nikasema wanakula vizuri.

Kisha akasema yake. Akasema hahitaji mlinzi, jamani, anahitaji mtu wa kushikana naye mkono kwenye barafu. Akasema, "Duane ananisindikiza kwa sababu aliniuliza. Wewe una miaka mitatu, bwana, hujaniuliza hata saa ngapi." Kumbe anajua!

Akanialika chakula cha mchana kesho. Nyama ya nguruwe ya kuoka. Saa sita. Akasema nije mwenyewe tu, bila mambo mengi. Alipoondoka nilisimama nyuma ya jokofu la chambo nikalia kidogo kwa furaha.

Jumapili, 16 Machi

Misa, kisha nimenyoa ndevu mara mbili. Saa sita kasoro dakika tano nimefika mlangoni kwa Arlene. Kifaa nimekiacha nyumbani. Nyumba yake si ardhi yangu, na sheria ni sheria. Nimejifunza.

Nilikuwa na bahasha. Arlene akafungua mlango, aproni kiunoni, harufu ya nyama ikatoka naye. Akaangalia mkanda wangu, akauliza kile kitu kiko wapi. Nikasema nyumbani. Akatabasamu, akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akasema, "Basi ingia, chakula kinapoa."

Nikamwambia ngoja kwanza. Nikampa bahasha. Ni mkataba, nimeuandika vizuri, nakala mbili: ananipangisha kwa mwaka mmoja njia kutoka mlangoni hadi kiti cha upande wa dirisha, pamoja na kiti chenyewe, ili siku nyingine nije nimejihami. Nikamwambia siwezi kuingia kabla hajatia sahihi, tusianze mambo yetu ovyo ovyo.

Alisoma yote, amesimama. Akasoma tena. Akaachia mkono wangu. Akasema, "Haya, Verlyn." Akaingia ndani, akarudi na sahani iliyofunikwa kwa karatasi ya alumini, akanipa, akafunga mlango taratibu.

Nimekula jikoni kwangu. Nyama laini, na viazi.

Hakutia sahihi. Nimefikiri mchana kutwa na nimeliona kosa langu: mwaka mmoja umemtisha. Kesho nampelekea wa miezi sita.