Dawa ya Kuku Mimbarani

Jamani, leo sina pa kuweka uso. Nimeumbuka kanisani, mchana kweupe, maikrofoni mkononi.

Mnajua naishi na Shosho, nyanya yangu, hapa mtaani Rhonda. Na mnajua nina miezi namwandama Pastor anipe darasa la vijana. (Nina miaka ishirini na minne na dalili zote za utakatifu.) Juma lililopita akalegea. Vijana wetu wamezidi kupimana kwa viatu na nywele, hata kuna msichana alichekwa sweta yake akaenda nyumbani akilia. Pastor akaniambia, "Wairimu, Jumapili ni ya vijana. Wafundishe habari ya moyo, mbele ya kanisa lote. Wakishika, darasa ni lako."

Washike tu? Mimi niliomba wasisahau maisha yao yote! (Hiyo sala imejibiwa.)

Nikapanga mfano. Boksi moja maridadi, karatasi ya kumetameta, utepe mwekundu. Ndani, kokoto. Kando yake mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa nusu kilo, umeshika kutu na masizi. Ndani, tofi nilizozifunga kwa gazeti zisipige kelele. Vijana watakimbilia boksi, wapate mawe, waone haya, nami niseme kwa sauti nyororo, "Mnaona? Mungu haangalii karatasi." Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo.

Leo asubuhi nilichelewa kwa sababu ya kupaka wanja. (Ndiyo. Nikienda kufundisha kwamba sura si kitu.) Nikaingiza mkono kabatini, nikachomoa mkebe, nikatoka mbio.

Kanisa lilijaa pomoni. Shosho alikuwa benchi la mbele na kitambaa chake cheupe cha mwenyekiti wa akina mama. Nikahubiri kidogo kuhusu moyo safi, nikapanga vitu vyangu mezani, nikamwita Faith, wa miaka kumi na nne, mwenye mdomo kuliko wenzake wote.

"Chagua moja."

Boksi hakulitazama hata mara moja. "Mkebe."

"Fikiria vizuri, Faith. Boksi limependeza..."

"Ticha, hii trick tulifanyiwa tukiwa Sunday school. Ile poa huwa na mawe."

Kanisa likacheka. Nami nikacheka, kicheko cha meno tu. Mfuniko ulikuwa umekaza. Faith akaubana mkebe kifuani, akavuta kwa nguvu zote. Pwaa! Vumbi la kahawia likaruka hewani.

Faith akapiga chafya. Mpiga kinanda akapiga chafya. Pastor, aliyekuwa amesogea kuona, akapiga chafya tatu kwenye maikrofoni yangu. Wazee wa nyuma wakainua vichwa, maana harufu ile wanaijua. Ugoro! Mkebe mzima wa tumbaku ya kunusa!

Hapo ndipo nilipoelewa. Kabatini kulikuwa na mikebe miwili. Na wa pili ungeweza kuwa wa mtu mmoja tu: Shosho, aliyetoa ushuhuda miaka miwili iliyopita kwamba ugoro ameuacha, kanisa likashangilia, wamama wakampa uenyekiti. Nikimtaja, amekwisha. Jasho likaanza kushuka na wanja.

Faith naye alikuwa ameshararua boksi. "Ticha, huku mawe, huku ugoro. Sasa moyo ni gani?"

Pastor akajipangusa machozi. "Wairimu, hii kitu ni ya nani?"

Mdomo ukajifungua wenyewe. "Ni dawa ya kuku, Pastor."

(Mimbarani! Dakika tano baada ya moyo safi!)

"Keti chini, Wairimu." Shosho alikuwa amesimama. "Hatuna kuku."

Mtu mmoja alicheka.

"Ugoro ni wangu," akasema. "Niliacha, halafu nikarudi. Nikaogopa kuwaambia kwa sababu mlikuwa mmenipigia makofi mingi sana." Akavua kitambaa, akakiweka mezani kando ya mkebe. Mimi nilitamani kulia. Kisha akawageukia wamama walioanza kunong'onezana. "Mungu alikuwa anajua. Ni nyinyi tu mlikuwa hamjui."

Vijana ndio walioanza kupiga makofi. Faith akamwendea akamkumbatia, ugoro kifuani na yote. Pastor akaokota kitambaa, akamfunga Shosho kichwani kwa mikono yake mwenyewe, halafu akatangaza kwamba leo, Bwana asifiwe, darasa la vijana limepata mwalimu.

Nikanyoosha sketi. Nikapiga hatua mbele.

"Shosho," akasema Pastor, "tutaanza Jumapili ijayo."

Nikarudi nyuma hatua ile ile. (Nilijifanya nimeenda kuokota utepe.) Kisha, mbele ya watu wote, akaongeza kwamba mimi pia nitahudhuria, kama mwanafunzi, mpaka kuku wapatikane.

Sasa tuko nyumbani. Nimemlalamikia Shosho kwamba si haki, nilisema uongo kwa ajili yake. Amenitazama, akakoroga chai.

"Nilikutuma? Ulikuwa unaogopa aibu yako, si yangu."

Nikasema, "Lakini Shosho..."

"Ukiwa darasani uniite mwalimu."

Naombeni msinicheke. Nina homework.