Nani Anaichunguza Nyumba ya Bulengera?

Jumatatu, 7 Oktoba. Beni.
Barua imefika! Ushirika wa nyumba wa wanajeshi wastaafu utatupa mkopo, nyumba ikipita ukaguzi. Iko Butembo, Bulengera: matofali ya kuchoma, mabati mapya, jiko lenye mlango wake. Kwa miaka ishirini na sita jeshini nimemhamisha Mariette kambi kumi na moja. Alipoisoma barua alikaa chini, akalia kidogo, akaniomba niwaache wenye kazi wafanye kazi yao. Mkaguzi anaitwa Onésime. Ataanza kesho, siku tatu. Siku tatu kwa vyumba vitatu? Mais non, haiwezekani! Kuna kitu.

Jumanne, 8 Oktoba. Butembo.
Nimemwambia Mariette kwamba kaka yangu wa hapa Butembo anaumwa. Kaka yangu ni mzima, ila amenuna kwa sababu nalala kwenye kochi lake. Kutwa nzima nilikuwa nyuma ya ua wa mianzi. Nimeona mengi. Onésime amegonga kuta kwa nyundo ndogo. Amepanda darini. Amekunywa chai ya mwenye nyumba, mjane Séphora, wakacheka mara mbili. Mkaguzi gani anacheka kazini? Nimeandika yote, na saa zake. Donc, ni wazi: anaitaka nyumba kwa ajili ya ndugu yake.

Jumatano, 9 Oktoba.
Nimehamia nyuma ya lundo la mchanga. Mvua. Onésime amepima choo kwa muda mrefu kuliko sebule. Kwa nini? Mama muuza ndizi amepita mara nne akinitazama. Bila shaka ametumwa. Nilimkazia macho mpaka akakimbia. Ushindi!

Alhamisi, 10 Oktoba.
Nimekamatwa. Onésime alipoondoka nilianza kupima madirisha kwa mikono yangu, nilinganishe na vipimo vyake. Filimbi! Vijana wanane, na chef wa avenue, yaani mkuu wa mtaa, Zacharie, mzee mnene mwenye sauti ndogo.
«Papa, siku tatu weye uko hapa. Unatafuta nini?»
Nilisema ni siri. Jibu baya, nakiri. Miaka hii ya waasi, mtu asiyejulikana akisema siri, hakuna anayecheka. Walinipeleka ofisini kwake. Zacharie akasoma daftari langu kwa sauti: «Saa nane, mjane amebaki peke yake.» Likisomwa na mtu mwingine linasikika vibaya sana.
Walimpigia Mariette simu. Alikuja kutoka Beni na kadi yangu ya jeshi. Wakamwuliza kama mimi ni mume wake. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwa, ndipo akakubali.

Ijumaa, 11 Oktoba. Beni.
Onésime ameleta ripoti mwenyewe. Kuta: nzuri. Mabati: mazuri. Choo: kizuri sana. Usalama wa mtaa: mbaya. Mwanaume asiyejulikana ameichunguza nyumba siku tatu. Wanawake wanaogopa kupita. Mkopo umesimamishwa.
Nilimwuliza ni ndugu yake yupi anayeitaka nyumba. Akasema hana ndugu wa kiume, ana dada tu. Kuhusu choo, Mariette ndiye aliyempigia simu na kumwomba akikague vizuri, kwa sababu kambini Oicha choo chetu kilibomoka naye akiwa ndani. Nilikuwa nimesahau. Mariette hajasahau.
Hakunigombeza. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi. Onésime akamhurumia: mtaa ukitulia juma moja, bila mgeni yeyote kuonekana, atatia sahihi.
Alipoondoka, Mariette alinishika mkono, akaniita kwa jina la binti yetu.
«Papa Elsa, juma moja tu. Ukae hapa. Butembo, hapana.»
Nimeapa. Kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 12 Oktoba.
Nimekaa. Nimekaa mpaka saa nne asubuhi. Kisha nikawaza: juma zima, ni nani atakayehakikisha kwamba hakuna mgeni anayeonekana pale? Zacharie? Akikalia kiti chake anasinzia. Vijana wake? Walichukua siku tatu kunikamata mimi, niliyekuwa wazi kabisa! Kazi hii inataka askari. Mariette lazima apate jiko lake. Nimenunua miwani myeusi na koti la mvua la manjano, ambalo hakuna atakayelishuku. Moto, pikipiki ya kunipeleka Butembo, imefika. Nimemwambia dereva asiwashe injini. Tutaisukuma mpaka barabara kubwa. Mariette ana masikio makali, husikia kila kitu.