Mlinzi Aliyepokea Mbuzi wa Binti Yangu

Matiliku,
Jumatano asubuhi.

Bwana Mutisya, Meneja wa kampuni iliyoniletea mlinzi,

Natumaini wewe na jamii yako mko salama, na kama mko salama mshukuruni Mungu, kwa sababu mimi siko. Naandika kukuomba, kwa heshima zote, umwondoe mlinzi wako Kyule kwenye geti langu kabla ya Jumamosi. Siku hiyo wakwe wa Kasikeu wanarudi kuzungumza mahari ya binti yangu Wavinya, na safari hii nataka wafike ndani ya nyumba.

Utaniuliza nina nini cha kulindwa. Nina televisheni moja, kuku tisa na magunia manne ya ndengu. Mwizi akiingia kwangu atanionea huruma. Lakini nilikuwa mkaguzi wa nyama miaka ishirini na tisa, nikizunguka na muhuri wangu kutoka Kalamba hadi Kasikeu, na mtu wa cheo changu akistaafu bila soja getini, watu watasema amestaafu vibaya. Ndiyo maana nikaajiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kyule anasalimia watu vizuri mno. Anajua mama ya nani anaumwa magoti na ng'ombe wa nani amezaa. Kwani mlinzi anatakiwa kupendwa? Mimi kazini sikupendwa hata siku moja, na nyama ilikuwa safi.

2. Kitabu cha wageni. Nilikinunua mwenyewe na kukichora mistari kwa rula. Mwezi uliopita waliandikwa wageni hamsini na mmoja. Chini ya "Unakuja kumwona nani", arobaini na wanane wameandika Kyule. Wawili walikuwa wamepotea njia. Aliyebaki ni mimi, niliporudi kutoka sokoni, kwa maana ni mimi niliyetoa amri asiingie mtu bila kujiandikisha. Kyule alinipa kalamu kwa mikono miwili, nami nikaandika. Pale pa kumwona nani sikujua niweke nini, nikaacha wazi.

3. Ibada ya Jumanne, ambayo kanisa letu lilipanga ifanyiwe nyumbani kwangu, sasa inafanyiwa getini. Wanaimba na Kyule, wanamwombea Kyule, mimi nasikia "Amina" kutoka sebuleni. Wiki jana nilibeba kiti changu nikaenda huko, nikakaribishwa kama mgeni, na haki ya Mungu nilifurahi. Hilo pia nalilalamikia.

4. Sasa hili ndilo limenichoma moyo. Jumamosi iliyopita wakwe walileta mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao kwetu Wakamba wakishapokelewa, msichana amechumbiwa. Wavinya ana miaka thelathini na sita, na huyu ndiye mwanamume wa kwanza aliyefika na mbuzi. Nilivaa suti, nikakaa kwenye kochi, nikangoja, maana mwenye soja hatoki mbio kupokea watu, anangoja waletwe. Nikangoja saa nzima. Nikamtuma mke wangu Kaluki aangalie. Kaluki akarudi, hakunitazama, akabeba sufuria ya chai na vikombe vyote akaenda navyo huko. Wavinya akafuata na viti. Nikabaki mimi na televisheni.

Jameni, walikuwa watu kumi na wanne! Kyule aliwaandika mmoja mmoja, halafu akawaandika na mbuzi. Mbuzi mmoja akachinjwa kando ya geti kama desturi inavyotaka, akachomwa, akaliwa. Nyama haikukaguliwa, Bwana Meneja! Mkaguzi yuko hatua thelathini, amefunga tai, na watu wanakula nyama bila muhuri! Mimi nilipata harufu tu. Mzee wao akamshukuru Kyule kwa mapokezi, wakaenda zao. Kwa hivyo, kwa mila yetu, ntheo ya binti yangu imepokelewa na mlinzi. Jumamosi je? Kyule ataketi mbele kutaja mahari, na mimi nishike rungu?

Naomba uniletee mtu mwingine. Awe na sura ya hasira, asijue kuimba, na asiulize mtu habari ya nyumbani. Namjua mmoja anayefaa kabisa, lakini ana miaka sitini na mbili na ndiye anayekuandikia.

Wasalimie wafanyakazi wako wote, mama watoto, na yule karani wa simu aliyeniambia nipunguze sauti.

Ni mimi niliyelindwa kupita kiasi,
Musyimi Nzuki,
Mkaguzi wa Nyama (Mstaafu).

N.B. Tafadhali usifanye lolote. Wavinya ameikuta barua hii mezani, akanieleza nisiyoyajua. Yule mzee wa wakwe alipolisoma jina langu getini, aligeuza mbuzi wake arudi nao. Kumbe ndiye mwenye bucha ambaye zamani niliimwagia nyama yote ya ng'ombe wake mafuta ya taa isiuzwe. Ukweli ni kwamba ng'ombe yule hakuwa na ugonjwa. Mzee alinijibu vibaya, nami nikakasirika. Kyule ndiye aliyemshika mkono, akamkalisha, akamchelewesha na kitabu na chai mpaka hasira ikashuka. Akamwambia mimi ni mtu mzuri. Sijui habari hizo alizitoa wapi. Jumamosi nitatoka mwenyewe hadi barabarani kumpokea yule mzee, na kabla ya mahari nitamwomba msamaha wa ng'ombe wake.