Kituo Kipya cha Kisenyi

Jumatatu, 13 Oktoba 1975

Shahada yangu ya pili ni ya mipango ya maeneo: nani anakaa wapi, na anafuata nini wapi. Leo Dakta Alal, mwalimu pekee wa idara ambaye bado hajakimbilia Nairobi, ametangaza kwamba nafasi ya mhadhiri msaidizi ni moja. Sisi tuko wawili, mimi na Okullo. Ijumaa kila mtu alete takwimu: watu wa Kampala wanafuata mahitaji yao wapi, na wanatoka mbali kiasi gani. Okullo atapita nyumba kwa nyumba kwa miguu. Maskini. Mimi nimeazima meza. Nitakaa kwenye kona moja Kisenyi, watu wanijie wenyewe. Akili ni mali.

Jumanne, 14 Oktoba

Asubuhi hakuna aliyenikaribia. Nilivaa miwani myeusi kwa ajili ya jua. Kumbe mjini hapa miwani ya namna hiyo ni ya wale wanaokamata watu. Nikaivua. Mama mmoja akauliza naandika nini. Nikasema naandika jina lake na mahali anapotoka. Akasimama. Mwingine akasimama nyuma yake bila kuuliza. Kufika adhuhuri foleni ilikuwa imepinda hadi kwenye gereji. Watu wastaarabu sana, hakuna aliyelalamika.

Jumatano, 15 Oktoba

Nadharia inasema kadiri mtu anavyokaa mbali na kituo, ndivyo anavyokuwa mzito kuja. Leo nimeandika watu wa Mulago, wa Kibuli, na mzee aliyefunga safari kutoka Jinja. Kona yangu imeishinda nadharia! Okullo alipita na viatu vilivyopasuka, akaniuliza hapa panauzwa nini. Nikamjibu hilo si swali langu. Wivu tu.

Jioni nilirudi Kibuli kwa shangazi Mariamu, ninakokaa. Nikamkuta ametia miguu kwenye beseni la maji ya moto. Akasema Kisenyi kuna sukari, ile iliyoadimika mji mzima, amesimama tangu adhuhuri, na karani akafunga meza kabla yeye hajafika. Nikamwambia makarani wa siku hizi hawana huruma. Halafu nikakasirika kidogo. Siku mbili nashinda Kisenyi na sijaona hata punje.

Alhamisi, 16 Oktoba

Koplo mmoja, Olanya, alikuja na bunduki akawapita watu wote hadi mbele. Akauliza: "Wewe naandika watu siku tatu. Sukari iko wapi?" Nikamweleza habari za umbali na mvuto wa kituo. Akasema basi huo mvuto nimpimie kilo mbili. Nyuma yake watu wakaanza kunung'unika, wengine wakakunja mikono ya mashati. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikataja sukari ya shangazi.

Koplo akanipakia kwenye jipu mpaka Kibuli. Shangazi hakuwepo. Uvunguni mwa kitanda chake mlikuwa na kilo nane za sukari ya arusi ya binti yake, Hajara. Koplo alijichukulia nusu. Nusu nyingine akaigawa mwenyewe pale kwenye kona, kijiko kwa kila mtu, nami nimechuchumaa chini ya meza.

Shangazi alirudi jioni na kijiko chake ndani ya karatasi, akimsifu yule koplo kwa adabu. Akaingia chumbani akiweke pamoja na ile ya uvunguni. Yaliyofuata siandiki.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nililala jikoni. Asubuhi tukawasilisha takwimu. Okullo amegundua kwamba kila nyumba aliyobisha hodi inataja kona ile ile ya Kisenyi. Akaongeza kuwa pale hapauzwi kitu, ila kuna mtu na meza. Dakta Alal alisoma kazi yangu. Akasema sikupima kituo chochote. Kituo ni mimi. Nafasi akampa Okullo.

Imeniuma, sitaficha. Niliitaka ile kazi, na nyumba inayokwenda nayo, hasa sasa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimetafakari. Kituo ni mimi. Hakuna mwanafunzi wa idara ile aliyewahi kusifiwa hivyo. Okullo amehurumiwa viatu tu. Kosa langu lilikuwa mahali. Jumatatu nahamia Mulago, karibu na hospitali, nikawaulize watu kwa nini wameacha kwenda Kisenyi.

Nimeazima meza kubwa zaidi. Nilipokuwa naileta nyumbani, wanawake wawili walinifuata mpaka mlango wa jikoni, na sasa wamesimama hapo, mmoja nyuma ya mwenzake. Nimewaandika.