Upepeo wa Mianzi na Mkono wa Paryono

Tegeni masikio, enyi wapepeta mchele na wachuuzi wa supu, zimeni redio, waiteni walioko kisimani, kwa maana kinachosimuliwa hapa si kisa cha wafalme waliogombea viti, bali ni kisa kikubwa kuliko hicho, na kilitukia nyuma ya pazia la maua katika kichochoro chetu, huku mjini Klaten.

Bu Kasmirah, yaani Mama Kasmirah, jirani wa ubavuni, Jicho Lisilosinzia, Mlinzi wa Ua, yeye adai hivi: kwamba Jumapili ile ya jua la kwanza baada ya mvua, akiwa anaanika mihogo yake, alisikia kutoka nyumba ya Paryono mwuza tofu kishindo cha kofi, kisha ukelele wa mwanamke, kisha chafya, kisha kishindo kingine kilichoupita cha kwanza. “Yule mpole wenu,” aliwaambia wanawake waliosimama na nyungo zao, “leo amegeuka simba. Lasmini wa watu alikuwa anaangamia. Kama si mimi, mngekuwa mnapika wali wa matanga!”

Hayo ndiyo anenayo Bu Kasmirah. Sasa yasikieni yaliyokuwa.

Lasmini, mchora batiki, mke wa Paryono na mama wa watoto waliokwisha kuoa na kuolewa, alikuwa ameweka moyoni ombi moja kwa miaka mingi, akilitoa hadi ncha ya ulimi na kulimeza tena kama mtu amezaye mwiba wa samaki. Wiki ile akalitema, usoni kukiwa kwekundu kama pilipili: alitaka mumewe amchape. Si kwa ugomvi, si kwa adhabu. Kwa mchezo tu, wa watu wazima wawili wapendanao, kwenye makalio, kwa kitu chochote cha nyumbani kisichoumiza. Na akajiapiza kimoyomoyo kwamba Paryono akimcheka, ombi hilo litazikwa, nalo halitafufuka.

Paryono hakucheka. Ila aliogopa. Kwa maana huyu ndiye Paryono Mkono wa Sufi, anyanyuaye kipande cha tofu, ile jibini laini ya soya, kikiwa bado chatetemeka kisipasuke ukingo, amtoaye mende nje juu ya karatasi na kumtakia safari njema. Mkono kama huo utachapaje?

Mpango wa vita aliupanga Lasmini. Mvua zikiisha, kichochoro kizima hutoa magodoro ya sufi, huyaanika juu ya mianzi na kuyatwanga kwa fimbo za henzerani mpaka vumbi lizibe mbingu. “Mas,” alimwambia mumewe, “katika kelele zile nani atasikia kofi moja?” Nao wakalitoa godoro lao mapema, kama watu wema, wakafunga mlango.

Silaha zikapangwa juu ya mkeka. Kwanza ukaitwa ufagio wa manyoya ya jogoo, Mfukuza Vumbi. Paryono akauinua juu kwa fahari, akapiga chafya ya kutikisa kabati, ukastaafishwa palepale. Ukaitwa mwiko.

“Huu hapana, Dik,” Paryono akamwambia mkewe. “Huu tunampakulia mama yangu wali. Nitamtazamaje usoni?”

“Basi ndara.”

“Ndara imekanyaga chooni.”

Ndipo ukutani, juu ya jiko, ukaonekana upepeo wa mianzi, ule wa kupozea wali: mpana, mwepesi, wa msuko maradufu, wenye sauti kubwa na uchungu mdogo, kama wanasiasa. Paryono akaujaribu kwanza pajani pake mwenyewe. Akatafakari. Akaitikia kwa kichwa.

“Ukisema basi, nimeacha,” akaapa, mkono kifuani. “Hata ukisema nusu yake.”

“Najua, Mas. Haya.”

Lasmini akalala kifudifudi juu ya mkeka, saruni yake ikiwa imefungwa barabara, akangoja. Nje henzerani zilinguruma. Akangoja zaidi.

“Umeanza?” akauliza.

“Nimemaliza,” akajibu Paryono, jasho likimtiririka.

Lasmini akageuza shingo. Hapo ndipo angeweza kucheka, au kulia, na vyote viwili vingeimaliza safari. Badala yake akanena maneno ambayo kichochoro kingeyachonga mlangoni kama kingeyajua: “Mas. Mimi si tofu.”

Naye Mkono wa Sufi akavuta pumzi hadi visigino, akauinua upepeo kama apandishaye bendera, na ukashuka. Pwaa!

“Hoo!” akalia Lasmini.

“Nimekuua?”

“Rudia, we mwanamume!” akasema, akicheka hadi mkeka ukacheka naye.

Lakini, ole! wakati uleule muuza vinywaji vya barafu alikuwa ameingia kichochoroni, na fimbo zote za henzerani zikatulia ili watu wanywe. Pwaa ya pili, ile kuu, ilitoka peke yake katika ukimya wa Jumapili.

Mlango ukagongwa. Bu Kasmirah, ufagio begani.

“Tulikuwa tunapiga godoro,” akawahi Lasmini.

Bu Kasmirah alinyoosha kidole nyuma yake, uani, ambako godoro lao lilikuwa limelala juani, nene, limetulia, kama shahidi aliyekwisha kula kiapo.

“Pak Paryono, aibu!” akanguruma. “Mzee mzima! Namwita mwenyekiti wa mtaa sasa hivi.”

Paryono, upepeo mgongoni, alipauka. Hakufungua kinywa, maana siri haikuwa yake. Alikuwa radhi kuitwa katili mpaka kaburini. Lasmini akaliona hilo, na aibu yake yote ikawa nyepesi kama unyoya wa jogoo.

“Usimwite mtu, Bu,” akasema. “Nilimwomba mimi. Nilimwomba, akakubali, na alikuwa anafanya vizuri sana mpaka ulipogonga.”

Iandikwe basi, na ipigiwe upatu: siku hiyo Paryono mwuza tofu alichapa, akachapa vema, wala pasiwe na alama; na Lasmini mchora batiki akaomba alichokitaka mara ya pili, mbele ya jirani, na mbingu isianguke. Vizazi vijavyo visimame vipitapo mlangoni pale.

Bu Kasmirah alisimama pia. Ufagio ulishuka begani taratibu. Akatazama vidole vya miguu yake, kisha ua, kisha nyumba yake, ambako mumewe, Pak Darmo, tangu astaafu, huongea na njiwa wake tu.

“Bu Las,” akasema, kwa sauti ambayo kichochoro hakikuwahi kuisikia kwake. “Huo upepeo. Ukishapumzika... naomba niuazime?”

Lasmini akamtazama Paryono. Paryono akautazama upepeo. Nje, moja baada ya nyingine, henzerani zikaanza tena kunguruma.