Vita vya Fundi Kesho na Maneno ya Hadithi ya Paka

Sogezeni vigoda, enyi mlio na masikio, na mlio na kazi ziacheni zipoe! Zimeni redio, mfungeni mbuzi, maana leo yatajwa makuu: jinsi Fundi Kesho, Simba wa Cherehani, Mwana wa Uzi Mrefu, Mvunja Ahadi asiye na mpinzani, alivyotoka kupigana na maneno ya kitabu cha watoto, na yasemwa kwamba alirudi hai.

Jina la Kesho hakupewa na mama yake. Alipewa na wateja. Kila aliyefuata nguo yake aliambiwa njoo kesho, na wako waliokuja kesho hiyo wakiwa wameshanenepa, suruali ikawa haina tena mwenyewe.

Basi binti yake, mwenye pengo la meno ya mbele, akaingia kibandani amekumbatia kitabu cha hadithi ya paka aliyehama kwao. Kitabu chenyewe chembamba, picha tele. Lakini sikilizeni agizo lililokuja nacho. Ijumaa kila mtoto aende darasani na mzazi wake. Mtoto atachagua neno gumu moja humo kitabuni, na mzazi asimame mbele ya wote alieleze.

"Baba, utakuja?"

Fundi akaegemea cherehani kama sultani aegemeavyo mto. "Mimi niliyewashonea suti maharusi wa mtaa mzima, nishindwe na maneno ya paka? Kitabu hicho nitakitafuna na kukitema kabla chai haijapoa! Naanza kesho."

Binti akamtazama. Neno hilo alilijua kuliko yote ya kitabuni. "Muuza nyama amesema kama huna nafasi atanipeleka yeye, pamoja na mwanawe. Yeye kashayasoma yote."

Lo! Mkuki gani ungezama zaidi ya huo? Muuza nyama, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu wa kucheka mpaka mabati yakatikisika! Mtoto wa Fundi aongozwe shuleni na mshika panga, na darasa zima lidhani hana baba!

"Nakwenda mimi," akanguruma. "Wewe ni binti yangu, hukupimwa kwa kilo pale kwake."

Na hapo akabuni mbinu ambayo majemadari wa kale hawakuipata, kwa kuwa walikuwa na akili. Alikata vikaratasi, akaandika neno gumu juu ya kila kimoja, akakibana kwa pini kwenye nguo aliyokuwa akiishona. Bumbuazi likatua kwenye kaptula ya dereva. Taharuki ikakaa kwenye sare ya mkunga. Na gofu, yaani nyumba kuukuu iliyobaki kuta tupu, likapata makao mgongoni mwa gauni la mama mkwe wake.

"Nikishika nguo, nakumbuka neno," alijisifu. "Mkono hausahau."

Mkono kweli haukusahau. Kichwa ndicho kilichosahau. Kila aliposhika kaptula alikumbuka kaptula, na sare ikamkumbusha kwamba haina vifungo.

Alhamisi akaingia mama mkwe, kiumbe pekee duniani ambaye Fundi alimwogopa kuliko kazi.

"Baba, gauni langu."

"Shikamoo mama. Njoo ke..."

"Kesho ipi? Kina mama wananingoja kwenye kikao. Nalivaa hapa hapa."

Akajitia nyuma ya pazia, akatoka amelivaa, akaenda zake. Fundi, aliyekuwa hajapata kutoa nguo siku iliyoahidiwa tangu ajue kushona, alilewa wema wake mwenyewe, asiangalie mgongo. Naye bibi akaupita mtaa kwa mwendo wa madaha, GOFU limebanwa katikati ya mabega, kwa herufi nene, maana Fundi macho yake si mazuri. Saluni wakasoma. Watoto wa shule wakasoma kwa kuimba. Muuza nyama, aliyesoma yote, akaegemea kigogo chake akacheka mpaka machozi.

Mama mkwe aliporudi kibandani hakupiga hodi.

"Nimekuzalia mke, nawe waniandika mgongoni kama lori?"

"Mama, si wewe! Ni la kitabuni! Ni la paka!"

"Kwa hiyo mimi ni la paka?"

Yaliyofuata kalamu haithubutu. Yatosha kusema maneno yote ya kitabu yalimkimbia Fundi kichwani saa ile, ila moja, na hilo litazikwa naye.

Ijumaa ikawadia. Fundi aliketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Muuza nyama alisimama akalieleza neno lake mpaka mwanawe akapiga miayo. Na kule nyuma, mikono kifuani, gauni lile lile, aliketi mama mkwe. Alikuja kumsikiliza mjukuu, alisema.

Binti akainuka, akafungua kitabu. Kidole chake kikasimama kwenye bumbuazi. Akamtazama baba yake: jasho latiririka, mdomo wazi, hana kesho ya kukimbilia. Kidole kikasogea. Kikafika kwenye taharuki. Akamtazama tena, kisha, taratibu, akafunua ukurasa.

"Neno langu ni gofu."

Watoto waliolisoma mgongoni mwa bibi wakaangua kicheko. Fundi akainuka, dawati likainuka naye, akajinasua.

"Gofu, enyi wanazuoni wa vikaptula, ni nyumba ambayo paa limekwenda, milango imekwenda, wenyewe wamehama, zimebaki kuta. Paka huyu alilala humo mvua ilipomfika." Jicho likamponyoka kwenda nyuma. "Wala si mtu. Na hasa, hasa, si mama mkwe."

"Endelea," ilisema sauti ya nyuma.

"Nimemaliza, mama."

Mwalimu akasema sawa. Wakampigia makofi, kama walivyompigia kila mzazi, hata yule aliyekosea. Lakini Fundi aliinua mikono kama aliyeteka miji. Njiani binti alimshika mkono, akaning'inia nao.

"Baba, na bumbuazi je?"

Fundi akafungua mdomo.

"Najua," binti akasema. "Kesho."

Basi andikeni, enyi watunza tarehe, wala msipunguze: kwamba mtu mzima, mwenye ndevu na mkasi, alilijua neno moja la kitabu cha watoto, tena akalijua siku ile ile aliyotakiwa. Jambo la kwanza, kulijua neno, hata muuza nyama aliliweza. La pili, kuiwahi siku kwa hiari yake, kwa Fundi Kesho halikuwa limepata kuonekana.